Funga Daftari, Kisha Niambie

Daftari langu la Baiolojia la kidato cha nne ninalo hadi leo. Ni kaunta buku nene, jalada limechanika pembeni, na ndani yake hakuna ukurasa usio na rangi. Wino mwekundu ni wa maana za istilahi, wa kijani ni wa mifano, wa bluu ni wa maelezo tuliyonakili ubaoni. Juu ya kila mada, pembeni kabisa, nilikuwa nachora kistari kila nilipomaliza kuisoma. Mada ya usafirishaji wa vitu ndani ya viumbe hai ina vistari sita. Naikumbuka raha ya kuchora kile cha sita: saa saba za usiku, nyumbani kwetu Makanyagio, Mpanda Mjini, umeme umekatika, koroboi inatoa moshi, na moyo wangu umetulia tuli kwa sababu mada hiyo nimeimaliza.

Tarehe 18 Februari 2013 yakatangazwa matokeo ya mtihani wa mwaka 2012. Nilipata sifuri.

Sikuwa peke yangu. Nchi nzima, asilimia 60 hivi ya watahiniwa walipata sifuri, na kwa wiki kadhaa Tanzania haikuzungumza habari nyingine. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, ni mtoto wa Kibaoni, humu humu Katavi, mkoa ambao ulikuwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu umegwe kutoka Rukwa. Yeye ndiye aliyeunda tume ya kuchunguza. Mwezi wa Mei matokeo yakafutwa, yakapangwa upya, nami nikapanda hadi daraja la nne, pointi 31. Watu walibishana juu ya vitabu, maabara, walimu wachache, lugha ya kufundishia na namna alama zilivyopangwa. Katika shule yetu ya kata mengi ya hayo yalikuwepo, na sitaki mtu yeyote asome makala haya akadhani nayafuta. Mtoto asiye na mwalimu wa Hisabati hawezi kuambiwa kwamba shida yake ni namna ya kudurusu. Lakini mimi nilikuwa na swali langu ambalo tume haikuweza kunijibu. Baiolojia nilifundishwa. Maelezo nilikuwa nayo. Vistari sita nilivichora mwenyewe kwa mkono wangu. Ile mada ilikwenda wapi?

Aliyenijibu ni mama.

Mama alikuwa akiuza mchele, ule wa Mwamkulu na Kakese, na msimu ukiwa mzuri alichanganya na migebuka iliyoletwa kutoka Karema, ziwani Tanganyika. Shule aliiacha mapema sana. Husoma kwa taabu, neno moja moja. Jioni ya siku ile ya Februari yalipotangazwa matokeo, nilimkuta uani anapepeta. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kupepeta kimya kwa muda mrefu. Kisha akauliza, bila kuniangalia.

"Kwani ulikuwa husomi?"

"Nilisoma, mama. Nilikuwa nakesha, wewe mwenyewe ulikuwa unaniona."

Nikaingia ndani nikatoka na lile daftari, nikamwonyesha rangi na vistari vyangu. Akaweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akalipokea. Akaligeuza huku na huku kama anayekagua kitambaa. Halafu akalifunga, akaliweka juu ya gunia nyuma yake, mahali nisipofikia.

"Haya, niambie kilichomo humu."

Nikaanza. Sentensi ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili ilitoka nusu. Ya tatu haikuja, na badala yake kilichonijia ni picha ya ukurasa wenyewe: niliona wazi kwamba maelezo yako upande wa kushoto, chini, kwa wino wa kijani, na pembeni yake kuna mchoro wa moyo. Mahali pa maneno nilipajua, maneno sikuwa nayo. Nikanyamaza. Mama hakunicheka. Alisema kwamba ana wadaiwa zaidi ya thelathini sokoni, hakuna hata mmoja aliyemwandika, na anajua kila mmoja anadaiwa kilo ngapi tangu lini. "Kila asubuhi kabla sijafungua, nawataja mmoja mmoja kichwani. Ninayemsahau ndiye ninayemuuliza dada yako. Wewe hilo daftari umelitazama tu, mwanangu. Hujawahi kulitaja."

Nimekuwa mwalimu wa Jiografia na Kiswahili kwa miaka kadhaa sasa, na nimehudhuria semina nyingi za ufundishaji. Sijasikia neno lililonifaa kuliko hilo.

Kwa nini kusoma tena na tena kunadanganya? Fikiria umekutana na mtu njiani, karibu na stesheni ya reli. Sura yake unaijua kabisa, mlisafiri behewa moja kutoka Tabora. Unamsalimu kwa furaha. Lakini jina lake? Hulipati, ingawa yeye angekutajia ungesema papo hapo, "Naam, ndilo!" Kuitambua sura ni kazi moja, kulitoa jina ni kazi nyingine, na ya kwanza ni nyepesi mno. Unaposoma maelezo yako kwa mara ya tano, kila mstari unakuja na sura unayoifahamu. Macho yanateleza, hakuna panapokwama, ukaamini kwamba umeelewa. Chumba cha mtihani hakikuonyeshi sura. Kinakudai jina.

Miaka mingi baadaye nilisoma juu ya jaribio la wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, lililochapishwa mwaka 2006, nikaona wamelipima kwa takwimu lile alilolifanya mama uani. Wanafunzi walipewa habari fupi ya kusoma. Kundi moja liliisoma kwa vipindi vinne. Jingine liliisoma kipindi kimoja tu, kisha kwa vipindi vitatu likafungiwa karatasi na kutakiwa kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma mara nne walikuwa mbele: asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka. Waliosoma mara nne walibaki na asilimia 40, waliojipima walibaki na 61. Kijana anayetafuta A aziangalie sana namba za ile dakika ya tano, kwa sababu ndizo zinazotupoteza. Usiku uleule, aliyesoma tu anajiona yuko mbele ya mwenzake, na kweli yuko mbele. Mtihani haufanyiki usiku uleule.

Wala jambo hili si geni kwetu. Rafiki yangu wa Majengo alikuwa akisoma madrasa jioni. Ustadhi wake hakumsikiliza akiwa na msahafu mbele yake. Alimsomesha, kisha akataka asome kwa moyo. Na hakumpa aya mpya kabla hajarudia za jana, na kila baada ya siku kadhaa walirudi kwenye zile za mwezi uliopita. Muraja, ndivyo walivyoiita. Mtoto wa miaka kumi alikuwa na utaratibu wa kudurusu ambao sisi wa kidato cha nne hatukuwa nao. Tumezoea kuidharau elimu ya kukariri, na nakubali kwamba kutamka usichokielewa hakuna faida. Ila nimeona wanafunzi wengi wanaojivunia kwamba wao "wanaelewa tu, hawakariri," na siku ya siku wanashindwa kutaja hatua tatu za jambo wanaloapa wanalielewa. Usichoweza kukitoa kichwani ukiwa peke yako, bado hujakipata.

Nilijiandikisha kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, Novemba 2013. Hatukuwa na darasa wala zamu ya mwalimu. Tulikuwa watu watano tuliokutana chini ya mwembe, na mmoja wetu alikuwa dada aliyetuzidi mwaka mmoja, mwenye mtoto mchanga. Alifukuzwa shule alipopata ujauzito, kama ilivyokuwa desturi wakati ule. Ruhusa ya kurudi kwenye mfumo rasmi baada ya kujifungua ilikuja Novemba 2021. Kwa mkoa wetu hilo halikuwa jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba Katavi, wasichana 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Kwa hiyo nchi nzima inapoongea juu ya vijana wa kupata daraja la kwanza, mimi huwakumbuka kwanza wasichana wa aina ya yule dada, wenye akili kali na saa mbili tu za kujisomea kwa siku, nazo zimekatwakatwa.

Dada yule alikuwa na kadi. Alichukua majalada ya madaftari ya zamani, akayakata vipande vya ukubwa wa kiganja, akavifunga kwa mpira wa kufungia noti. Upande mmoja aliandika swali, upande wa pili jibu fupi. Zilikaa kwenye pindo la kanga yake, pale wanawake wanapofunga pesa. Akiwa foleni ya maji bombani, anafungua pindo, anachomoa moja, anaitazama, anafumba macho, midomo inacheza, ndipo anaigeuza. Akipata, kadi inakwenda nyuma ya bunda. Akikosa, anaiweka ya pili kutoka juu, ili imrudie kabla maji hayajajaa. Mtoto akilia, anafunga pindo, basi. Nilimhurumia mwanzoni kwa kukosa muda wa kukaa mezani. Kufika Agosti nilikuwa nimeshaacha kumhurumia. Sisi wenye saa nne mfululizo tulikuwa tukisinzia juu ya vitabu. Yeye alijipima mara ishirini kwa siku bila kupata nafasi ya kuchoka.

Na alikuwa na makopo matatu dirishani. Kadi mpya na alizozikosa zilikaa kopo la kwanza, akazipitia kila siku. Alizopata zilihamia la pili, za kupitiwa mara mbili kwa wiki. Alizopata tena zilikwenda la tatu, akazitazama Jumapili tu. Kadi ikikosewa popote inarudi kopo la kwanza, haijalishi ilifika wapi. Mwandishi mmoja wa Kijerumani, Sebastian Leitner, aliueneza utaratibu wa namna hiyo kwa kitabu chake cha 1972. Dada hakuwahi kumsikia. Aliniambia aliubuni kwa sababu hakuwa na muda wa kurudia anachokijua. Hivi sasa ni muuguzi.

Uzuri wa makopo ni kwamba yanakuzuia kufanya jambo ambalo sote tunalipenda: kudurusu tunachokiweza. Mimi nilipenda Historia ya ukoloni, basi kila nikikaa kusoma mkono ulikwenda huko wenyewe. Nikifunga kitabu najisikia msomi. Mada ya takwimu katika Jiografia niliikwepa mwaka mzima. Siku hizi wanafunzi wakinionyesha ratiba za kudurusu zilizopambwa kwa rula na rangi, zinazogawa saa sawasawa kwa kila somo, huwa nawauliza swali moja: ni mada ipi inayokutia unyonge ukiisikia? Hiyo ndiyo ipewe asubuhi, kichwa kikiwa kibichi, na ipewe mara nyingi. Ratiba ya haki kwa masomo yote huwa si ya haki kwako.

Nikiwa mdogo mjomba alinipeleka Sitalike, langoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kuangalia viboko. Ilikuwa Oktoba. Mto Katuma umekauka, umebaki mabwawa ya tope, na viboko wote wa eneo lile wamejisonga humo, mgongo kwa mgongo, wanaumana, wengine wana vidonda vibichi, na katikati kabisa kuna wasioweza hata kugeuka. Mjomba akasema, "Mwezi wa Machi ungekuja usingeona hata mmoja. Maji yako kila mahali, kila mmoja na nafasi yake." Picha ile hunirudia kila Oktoba ninapoingia madarasani jioni na kuona vijana wa kidato cha nne wamejazana, macho mekundu, mada za miaka minne zinagombania wiki tatu. Machi maji yalikuwepo.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanya yeye mwenyewe kuwa kielelezo, akakariri orodha za silabi zisizo na maana na kujipima baada ya saa na siku kadhaa, akachapisha matokeo mwaka 1885. Aligundua kwamba usahaulifu ni mkali zaidi mwanzoni, saa chache za kwanza na siku ya kwanza, kisha unapungua kasi. Ndiyo maana marudio ya dakika kumi kesho yake yana thamani kubwa kuliko saa nzima baada ya miezi mitatu. Mimi hutumia kalenda ya ukutani, zile za bure tunazopewa dukani mwisho wa mwaka. Mada iliyofundishwa Jumatatu inaandikwa Jumanne, inaandikwa tena Jumatatu inayofuata, halafu mwezi unaofuata. Ikifika tarehe, hakuna kufungua daftari kwanza. Chukua karatasi tupu, andika kichwa cha mada, mwaga kila kitu unachokumbuka. Ukikwama, kaa na kukwama kwako dakika mbili tatu. Usikimbilie kuchungulia, maana huko kuhangaika ndiko kunakopanda mbegu. Ndipo ufungue, na kwa kalamu ya rangi nyingine ujaze ulichosahau. Rangi ile ya pili ndiyo ya kurudia kesho. Hapo sasa wino mwekundu una kazi.

Hisabati haidurusiwi kwa macho, na kusoma ramani vilevile. Hivi ni vya kufanya kwa mkono. Kosa langu la mwaka 2012 lilikuwa kufanya maswali ishirini ya aina moja kwa mfululizo. Baada ya la tano mkono unakwenda wenyewe, kichwa kimelala, kwa kuwa unajua kabla hujasoma swali kwamba hii ni logi, fanya hivi. Mtihani hauji na kichwa cha mada. Mwaka uliofuata tulikata maswali ya mitihani iliyopita, tukayakunja, tukayatia kwenye kopo la maziwa. Kila mmoja anachomoa, anafungua, anasema kwa sauti hili ni swali la nini na hatua ya kwanza ni ipi, hata kabla ya kukokotoa. Wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Tulikosea kuliko tulivyowahi kukosea, na mmoja wetu akataka turudi kwenye utaratibu wa zamani. Tukavumilia.

Kuna jambo la lugha ambalo nalisema kwa uchungu, kwa sababu naliona kila siku. Sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza, isipokuwa somo la Kiswahili na machache mengine. Mtoto wa Mishamo au Majimoto, humu humu Katavi, anaweza kukariri ukurasa mzima wa Kiingereza asijue umesema nini. Chini ya ule mwembe tulijiwekea sharti: kila mada ielezwe kwanza kwa Kiswahili, kwa kitu tunachokijua, na msikilizaji aruhusiwe kuuliza "kwa nini." Osmosisi tuliielewa kwa samaki wa mama. Unapompaka mgebuka chumvi, baada ya muda unakuta maji chini ya beseni. Maji yale yametoka wapi? Yametoka ndani ya nyama, yakavuka utando wa seli, yakafuata upande wenye chumvi nyingi. Kwa nini chumvi isiingie yote ndani badala ya maji kutoka? Swali hilo alilileta yule dada, likatulaza na viatu hadi tulipopata kitabu na kusoma juu ya utando unaopitisha kwa kuchagua. Hatua ya pili ndiyo wengi wanaoiruka: palepale, tunaandika maelezo yaleyale kwa Kiingereza, sentensi tano sita, tunalinganisha na kitabu. Kuelewa kwa Kiswahili peke yake hakukusaidii kwenye karatasi ya majibu. Kuandika Kiingereza usichokielewa nako kutakuangusha swali likigeuzwa kidogo tu.

Sasa juu ya A yenyewe. Kwa viwango vya sasa, A ya kidato cha nne inaanzia alama 75. Daraja hupatikana kwa kujumlisha masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, A ikiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, na daraja la kwanza ni kuanzia pointi 7 hadi 17. Nawaambia vijana wazitazame zile alama 25 wanazoruhusiwa kupoteza. Mwanafunzi mzuri mara nyingi hazipotezi kwa kutokujua. Anazipoteza kwa kutaja hoja sita alipotakiwa kufafanua nne, kwa kusahau kipimio, kwa "eleza" aliyoijibu kama "orodhesha." Baraza la Mitihani huchapisha kwa kila somo taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na zipo kwenye tovuti yake bure. Zinaonyesha swali, zinaeleza watahiniwa walikosea wapi, na kuna nakala za majibu yaliyoandikwa kwa mkono, mazuri na mabaya. Ninashangaa sana kwamba vijana wanatafuta pesa za kununua maelezo mafupi mtaani wakati mtahini mwenyewe ameshawaeleza anachokitaka. Ukishafanya mtihani wa mwaka fulani kwa saa kamili, kimya, bila kitabu, chukua taarifa ya mwaka huo ujisahihishe nayo kwa ukali. Mtihani uliopita ambao umeusoma tu na kusema "hili nalijua, hili nalijua" ni kistari kingine cha pembeni.

Na zile karatasi zinazozuka mwishoni mwa Oktoba, zinazonong'onwa kwamba ndizo zenyewe, ziache. Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza usiku mbili nikitafuta maswali ya mtu aliyesikia kwa mtu. Yalikuwa ya uongo, na usiku mbili zile sikuzipata tena.

Usiku wa kuamkia Hisabati, mwaka 2012, sikulala kabisa. Tuliita kupiga msuli, tukaona ni ushujaa. Asubuhi nilikaa kwenye dawati nikasoma swali la kwanza mara tatu, nalo likawa kama limeandikwa ndani ya maji. Ubongo ukiwa usingizini ndipo unapokihifadhi ulichosoma mchana. Ukiunyima usingizi unatupa ulichovuna. Mwaka 2013 saa nne usiku nilizima taa. Mama aliniuliza kama naumwa.

Nilipata A mbili, Kiswahili na Jiografia, na Historia nzuri ya kunipeleka kidato cha tano. Watahiniwa wa kujitegemea tulitafuta shule za kulipia, basi mama akauza mchele wa akiba yote, nikapanda gari moshi kwenda Tabora. Njiani giza liliingia na behewa letu halikuwa na taa. Kijana aliyekaa mbele yangu alilalamika kwamba safari ni ndefu na hawezi kusoma. Mimi nilianza kutaja mada ya kwanza ya Jiografia ya kidato cha nne, kichwani, taratibu, hadi Kaliua.

Mwaka huu mpwa wangu yuko kidato cha nne, anaishi na mama kwenye nyumba ileile. Jumamosi iliyopita niliwakuta uani. Binti amekaa kigodani, daftari lake amelikalia. Anamweleza bibi yake, kwa Kiswahili, kwa nini pwani kuna joto kuliko Sumbawanga ingawa zote ziko karibu na Ikweta. Akaeleza habari ya mwinuko vizuri: kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, haishiki joto. Mama, mkono ndani ya ungo, akauliza, "Lakini juu si ndiko karibu na jua?"

Binti akafungua mdomo. Akaufunga. Akaangalia juu, akaangalia chini, mkono ukaanza kwenda kwenye daftari.

"Acha kwanza," mama akasema. "Fikiri. Mimi nipo, na mchele bado mwingi."